Kapasita zinaungua, nyutro inapata moto

SWALI: Mhandisi, nina kiwanda kidogo cha kuchapisha vifungashio hapa Industrial Area, Nairobi. Tangu tufunge draivu za kudhibiti mwendo wa mota, kapasita za kwenye paneli zimeungua mara mbili, na waya wa nyutro unapata moto. Fundi mmoja anasema stima inaingia ikiwa chafu. Mwingine anataka tuweke kapasita kubwa zaidi. Nimfuate nani?

JIBU: Hakuna aliyepima, kwa hiyo usimfuate yeyote. Huyo wa kapasita kubwa usimlipe hata senti.

Kapasita imegeuzwa dawa ya kila ugonjwa wa stima, na inanikera kwa sababu hasara humwangukia mwenye kiwanda. Huo uchafu wa stima ni hamoniki, yaani mikondo ya masafa yaliyo mara kadhaa ya yale ya kawaida. Draivu ya kawaida ya diodi sita (vipande vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) huzalisha hasa hamoniki ya 5 na ya 7, yaani 250 Hz na 350 Hz juu ya 50 Hz yetu. Masafa yanapopanda, kapasita hupitisha mkondo mwingi zaidi. Ndiyo maana inaungua. Isitoshe, kapasita na transfoma zina masafa yao ya kuitikiana. Ukibadilisha ukubwa bila hesabu, unaweza kuyasogeza hadi penye 250 Hz hasa, na hamoniki ikakuzwa. Kama unakwepa faini ya pawa fakta (sehemu ya stima unayovuta inayofanya kazi halisi, ambayo kapasita huiinua) chini ya 0.9, nunua paneli ya kapasita yenye koili zilizofungwa mfululizo na kapasita.

Nyutro ni kesi nyingine. Draivu za fezi tatu haziitumii. Kagua taa za LED, kompyuta na UPS (betri za akiba za stima): hamoniki yao ya 3 kutoka fezi zote hujumlika kwenye nyutro badala ya kufutana.

Kumtambua mhusika, zima kapasita kwanza, kisha pima mkondo wa kila laini kwa kichanganuzi cha hamoniki, ukiwasha mashine moja moja. Volti iliyopotoka kwenye swichi kuu haithibitishi kwamba uchafu umetoka nje, maana mkondo wa mashine zako mwenyewe huipotosha ukipita kwenye transfoma. Ikibaki imepotoka mashine zote zikiwa zimezimwa, hapo mtafute anayekuuzia stima, vipimo mkononi. Klampu mita ya bei rahisi isiyosoma RMS halisi (kiasi cha kweli cha mkondo hata wimbi lake likiwa limepotoka) itakuonyesha ampea chache kuliko zilizopo.

Na ninyi wa majumbani mnaouziwa visanduku vya kuchomeka ukutani eti vipunguze bili: ndani mara nyingi mna kapasita ndogo tu. Mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa, na kapasita haipunguzi kilowati-saa hizo.