Kuingia Hoteli za Disney Bila Kulala Humo: Maegesho, Usafiri na Meza Iliyowekwa Mapema

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Embakasi ambaye mwezi wa Desemba anasafiri na mama yake kwenda Florida, Marekani, ambako watakaa kwa shangazi yake mjini Kissimmee. Aliandika hivi: "Dada, wakala wa safari ametuambia kwamba hoteli za Disney haziruhusu mtu asiyelipia chumba hata kukanyaga ukumbini. Ni kweli? Na tukiruhusiwa, gari la shangazi tutaliacha wapi? Nasikia maegesho ya huko ni ghali kuliko chakula." Ujumbe huo ulinichoma, kwa sababu maneno hayo niliambiwa na mimi pia, karibu neno kwa neno, katika ofisi moja hapa katikati ya jiji, huku mama yangu akiwa ameketi kando yangu.

Nijibu kwanza, kisha nieleze. Si kweli. Hoteli ambazo Disney yenyewe inaziendesha pale Walt Disney World, karibu na Orlando, hupokea watu wanaokuja kula, kutazama mandhari au kumtembelea jamaa aliyelala humo, na mgeni wa mchana anayeegesha gari lake mwenyewe halipishwi maegesho. Kinachohitajika langoni ni kitambulisho na sababu ya safari, na sababu isiyo na mjadala ni meza iliyowekwa mapema katika mkahawa wa hoteli hiyo.

Sasa nieleze nilivyoyajua haya. Mama yangu alifundisha shule za msingi hapa Nairobi hadi alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kudai chochote kwa ajili yake mwenyewe. Alipokaribia kutimiza miaka 70, dada yangu anayeishi Kissimmee alimpelekea kwenye simu picha za hoteli iitwayo Animal Kingdom Lodge, ambako twiga na pundamilia hula majani chini ya madirisha ya wageni. Mama alizitazama picha hizo jioni nzima, kisha akasema angependa siku yake ya kuzaliwa imkute pale. Hakusema angependa kulala pale. Alisema angependa kufika. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotuletea taabu yote iliyofuata, na ndiyo pia iliyotufungulia njia.

Tulikwenda kwa wakala kutafuta tiketi za ndege, na mama, kwa furaha yake, akamweleza azma hiyo. Kijana yule alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye kitambaa cha kichwani, akatabasamu, kisha akamwambia kwamba hoteli kama ile si mahali pa kupitia tu, kwamba watu wasio na chumba hurudishwa langoni, na kwamba kama tunataka kuepuka aibu basi tulipie angalau usiku mmoja. Bei aliyoitaja ilimnyamazisha mama. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ndani ya matatu aliniambia tuachane na jambo hilo, eti hata Lang'ata kuna twiga. Miaka imepita, lakini sauti yake ya siku ile bado inaniuma, na siwezi kumsamehe kwa urahisi mtu anayemwuzia mzee hofu ili apate kamisheni ya chumba.

Usiku huo nilianza kusoma. Nilisoma kurasa za hoteli zenyewe, nikasoma masharti ya maegesho, nikampigia dada yangu simu ili naye aulize huko huko. Kuuliza si ujinga, na kwa bahati nzuri masharti ya mambo haya yameandikwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Inafaa msomaji aelewe kwanza kwa nini kuna mlinzi langoni, maana ukielewa anachokilinda hutamwogopa. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na eneo lake lote linapita kilomita za mraba 100, yaani halipungukiwi sana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita za mraba 117. Ndani yake kuna bustani nne kubwa za burudani, nazo ni Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, pamoja na hoteli zaidi ya ishirini zilizotawanyika msituni na kando ya maziwa. Kuegesha gari kwenye bustani hizo hulipiwa kwa siku, ada iliyopandishwa hadi dola 30 mwishoni mwa mwaka 2023, na ada hiyo ni tofauti na tiketi ya kuingilia. Baadhi ya hoteli ziko karibu sana na bustani: kutoka Contemporary unatembea kwa miguu hadi Magic Kingdom kwa muda wa dakika kumi hivi, na kutoka BoardWalk au Beach Club unafika EPCOT vivyo hivyo. Kwa hiyo wapo watu wanaojaribu kuacha magari yao bure hotelini kisha waende bustanini kutwa nzima bila kulipa ada hiyo. Mlinzi amewekwa kwa ajili ya hao. Hakuwekwa kwa ajili ya mama mwenye kitenge anayekwenda kula chakula cha mchana.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni habari za zamani. Kuanzia Machi 2018 Disney ilianza kuwatoza wageni waliolala hotelini ada ya maegesho kwa kila usiku, na ada hiyo ikafutwa Januari 2023. Katika muda wote huo mgeni wa mchana aliyejiegeshea gari mwenyewe hakutozwa. Anayetozwa, zamani na sasa, ni yule anayemkabidhi mhudumu ufunguo wa gari ili amwegeshee. Wakala asiyesoma huyachanganya haya yote, kisha akakutisha nayo.

Basi tuliamua hivi. Tungekaa kwa dada, kama Wakenya wengi tunavyofanya tunapokwenda ng'ambo, kwa sababu hakuna dada anayekubali mama yake alale hotelini ilhali ana nyumba. Tungeweka meza katika mkahawa wa Sanaa, ulio katika jengo la hoteli hiyo liitwalo Kidani Village, kwa kuwa mkahawa huo hutoa chakula cha mchana na madirisha yake yanatazama mbuga yenyewe. Nafasi za meza hufunguliwa siku 60 kabla, mtandaoni au kwa programu ya simu ya Disney, na wenye chumba hotelini hupewa faida ya kuweka, kwa mkupuo mmoja, nafasi za siku ya kwanza ya kukaa kwao na za siku zinazofuata. Kwa sababu hiyo asiye na chumba lazima awe macho siku ile ile nafasi zinapofunguliwa. Dada yangu aliamka alfajiri kuitafuta, akaipata. Kadi ya benki inahitajika, na katika mikahawa mingi mtu asiyefika wala kughairi mapema hutozwa dola 10 kwa kila kichwa.

Siku yenyewe tulitoka Kissimmee mapema tukashika barabara ya Osceola Parkway. Langoni mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akatusalimu, akauliza tunakwenda wapi. Dada alitoa leseni yake ya udereva, akataja jina la aliyeweka meza na saa yake. Mlinzi alitazama orodha, akamtakia mama siku njema, akatufungulia. Hakuuliza habari za chumba. Sisi wa Nairobi tumezoea langoni mwa hoteli kubwa kupitishiwa kioo chini ya gari, kufunguliwa buti na kuulizwa maswali hadi ujisikie mshukiwa, na mama alikuwa amejiandaa kwa hayo yote. Aligeuka akaniuliza, "Ni hivyo tu?" Nikamjibu, "Ni hivyo tu, Mama."

Maegesho ya Kidani Village yako chini ya jengo, kwenye kivuli, na kwa mzee kivuli hicho ni neema kubwa katika joto la Florida. Kutoka hapo hadi mkahawani hakuna mwendo mrefu. Tulikula mikate ya moto na viungo vyake vingi, ambayo mama aliilinganisha na chapati zake na kutoa hukumu ambayo sitaiandika hapa. Baada ya chakula hakuna aliyetufukuza. Tulitembea polepole hadi Jambo House, jengo la kwanza la hoteli hiyo lililofunguliwa mwaka 2001, tukatoka nyuma ya ukumbi wake mkubwa hadi mahali pa kutazamia wanyama, na hapo mama akawaona twiga, pundamilia na ng'ombe wa Ankole wenye pembe kubwa. Alisimama pale muda mrefu akiwaeleza watoto wa watu wengine, kwa Kiingereza chake cha ualimu, kila mnyama na anachokula. Wazazi wao walimsikiliza pia. Nilijivunia mama yangu siku ile kuliko nilivyowahi kujivunia cheti changu chochote, na nasema wazi kwamba nilitamani yule kijana wa ofisini angekuwapo.

Ndiyo maana nakusihi, mdogo wangu, na wengine wote mnaosoma: kabla ya kulipa, soma. Msikubali kuuziwa mlango ulio wazi. Sisi tuna tabia ya kudhani kwamba kila mahali pazuri pana sharti lililofichwa la kututoa nje, na wajanja wameijua tabia hiyo na wanaila. Nenda na sababu ya kweli, sema ukweli langoni, na uweke meza. Meza ndiyo inayokupa haki ya kuegesha, na ndiyo inayomfanya mlinzi akufungulie bila maswali ya ziada. Kama huna pesa za mkahawa mkubwa, nyingi za hoteli hizo zina mahali pa chakula cha haraka ambapo hapawekwi nafasi, ila kwa njia hiyo unategemea hiari ya mlinzi na wingi wa watu siku hiyo. Lisilowezekana kabisa ni kuogelea, kwa kuwa mabwawa ni ya waliolala humo peke yao, na watoto waambiwe hivyo mapema.

Kuhusu usafiri wa ndani, mabasi, boti na treni ya reli moja ya Disney havitozi nauli. Treni hiyo inaunganisha Contemporary, Polynesian Village na Grand Floridian na bustani ya Magic Kingdom, kwa hiyo ukiwa na meza katika mojawapo ya hoteli hizo tatu unaweza kuzitembelea zote bila kuligusa gari. Tangu Septemba 2019 kuna pia Skyliner, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya juu ya miti na maji, vinavyounganisha EPCOT na Hollywood Studios na hoteli za Caribbean Beach, Riviera, Pop Century na Art of Animation. Mama alikataa kupanda vibanda hivyo, nasi hatukumlazimisha. Animal Kingdom Lodge haifikiwi na treni wala waya wala boti, ni basi au gari tu, na hakuna basi la moja kwa moja kutoka hoteli moja hadi nyingine. Lazima ubadilishe kwenye bustani mojawapo au pale Disney Springs, mtaa wa maduka na mikahawa wa Disney.

Tahadhari ni chache. Hoteli za Swan na Dolphin ziko ndani ya eneo hilo lakini zinaendeshwa na kampuni nyingine, nazo hutoza maegesho hata kwa mgeni wa mchana, kwa hiyo uliza mkahawani kama watakugongea muhuri kwenye tiketi ya maegesho ili upunguziwe au usamehewe ada. Universal, kampuni nyingine ya bustani za burudani iliyo upande mwingine wa Orlando, ina utaratibu wake tofauti na hoteli zake hutoza pia, ingawa boti zake kutoka CityWalk, mtaa wake wa mikahawa na maduka, humchukua yeyote bila nauli. Na usiegeshe gari kwenye kituo kikuu cha Magic Kingdom ikiwa unakwenda hotelini tu, kwani utalipa ada ya bustani bila sababu.

Sasa nirudi kwa Desemba yako. Juma la Krismasi na mwaka mpya ndilo lenye msongamano mkubwa, na siku hizo walinzi huweza kumrudisha kila asiye na chumba wala nafasi iliyothibitishwa, hasa pale Contemporary na hoteli nyingine zinazopakana na bustani. Ikiwa safari yako inaangukia juma hilo, hesabu siku 60 kurudi nyuma kutoka tarehe mnayoitaka, umwombe shangazi awe mtandaoni alfajiri hiyo, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho kwenye simu zenu zote, kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha mwenye kuendesha au cha mmoja wenu ndani ya gari.

Na kama shangazi atakuwa kazini siku hiyo, hamtakwama. Mabasi ya umma ya Orlando, yaitwayo Lynx, hutoza dola 2 kwa safari na hufika hadi Disney Springs, na kutoka hapo kuna mabasi ya Disney yanayokwenda hotelini. Kaa na uthibitisho wa meza mkononi hata kwenye basi, kwa kuwa unaweza kuulizwa. Teksi ya programu nayo itapita lango lile lile na kujibu swali lile lile, hivyo mpe dereva jina la mkahawa na saa ya meza kabla hamjafika kwenye kizuizi. Wakati wa kurudi jioni, mwite dereva mkiwa tayari mmefika mlango mkuu wa jengo mlilomo, maana Jambo House na Kidani Village ni milango miwili tofauti, na mama yako hapaswi kutembea gizani akitafuta gari.