Jibu: Meko ya matofali au ya chuma kwa nyumba ya Molo

Habari dada. Umeuliza uweke meko ya matofali au ya chuma sebuleni, nyumba ikiwa tayari imejengwa huko Molo. Kwanza kabisa angalia msingi. Meko ya matofali pamoja na dohani yake ni mzigo mzito, yanataka msingi wake yenyewe. Yangu hapa Nakuru fundi aliyajenga juu ya sakafu tu. Mvua za masika zilipokolea ardhi ikatitia, dohani ikapasuka, moshi ukaanza kupenya chumbani. Nililazimika kuyabomoa yote, na iliniuma sana.

Ndiyo maana, kwa nyumba iliyokwisha kusimama, mimi ningeweka ya chuma. Hupasha chumba joto upesi, ila moto ukizima nayo hupoa. Matofali huchelewa kushika joto lakini hutunza joto hadi usiku wa manane, na kwa baridi ya Molo hilo si jambo dogo. Mngekuwa bado mnachimba msingi, ningesema matofali bila kusita.

Bomba la moshi lipite mbali na mbao za dari, lipande kuliko kilele cha paa. Na tafadhali dada, acheni tundu la hewa. Msilale makaa yakiwaka na chumba kimefungwa.