Mtoto anakula vizuri tu, sasa anaumwa nini?

Swali hilo kila mtu aliliuliza, kuanzia baba yake mpaka jirani aliyekuja kuazima kinu. Binti wa kaka yangu, miaka 17, anakaa kwangu Dar kwa ajili ya shule. Anakula, tena sahani imejaa. Si kimbaumbau, si bonge. Tuliozoea kudhani kwamba magonjwa ya ulaji ni ya wasichana wa Kizungu waliobaki mifupa, tungejuaje?

Niseme mapema: umbo halikwambii kitu. Kuna anoreksia, mtu anajinyima mpaka mwili unakwisha huku mwenyewe akijiona mnene. Kuna bulimia, ambayo daktari Gerald Russell wa London aliieleza mwaka 1979: mtu anakula chakula kingi kwa mkupuo, kwa siri, kisha anajitapisha, anatumia dawa za kuharisha au anashinda njaa ili kufidia. Na kuna kula kwa kupitiliza bila kufidia, ambako Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikuorodhesha kama ugonjwa kamili mwaka 2013. Wenye bulimia wengi wana uzito wa kawaida, na wavulana wamo pia.

Wetu ana bulimia, na aliyeigundua ni daktari wa meno. Nilimpeleka kwa sababu kila akinywa maji baridi analalamika. Daktari akachukua kile kioo kidogo, akanionyesha upande wa nyuma wa meno ya juu ya mbele: yamelika, ncha zimekuwa nyembamba hadi mwanga unapenya. Akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, huwa unatapika?" Binti akatazama dari. Kabla ya hapo, zahanati tuliyoizoea ilikuwa ikimtibu vidonda vya tumbo.

Ndipo mengine yakaeleweka. Hotipoti inalala na wali, asubuhi iko tupu na hata ukoko umekwanguliwa. Bomba la bafuni linafunguliwa kila baada ya chakula cha usiku. Mashavu yamevimba chini ya masikio, mimi nadhani ni matumbwitumbwi. Hedhi inaruka.

Meno ndiyo yanayoonekana, lakini la kutisha liko ndani. Kutapika mara kwa mara kunamaliza potasiamu, moja ya chumvi za mwili, na bila potasiamu ya kutosha moyo unapiga ovyo. Moyo unaweza hata kusimama kwa mtu ambaye jana alikuwa darasani. Ukifika hospitali omba apimwe potasiamu kwenye damu na umeme wa moyo. Zile "chai za kukata tumbo" za mitandaoni, baadhi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa, kwa hiyo anachopoteza mtoto ni maji na chumvi za mwili. Na akitapika, asipige mswaki saa hiyohiyo kwa kuwa asidi ya tumboni imeshalainisha meno. Asukutue kwa maji kwanza.

Kaka yangu alisema haya yameletwa na simu. Kuna ukweli humo. Kule Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako mwili ulioshiba ulisifiwa kama kwetu pwani, televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowauliza wasichana wa shule mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Lakini tusiiachie simu lawama zote. Sisi mashangazi tukikutana na mtoto harusini, salamu ya kwanza ni "Eeh, umefutuka!" au "Mbona umekwisha hivyo?" Kwangu nimepiga marufuku kuutaja mwili wa mtu, hata kwa kusifu. Ukimwambia mgonjwa "sasa umenawiri", yeye anasikia "umenenepa", na kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Daktari wa afya ya akili alitupa kazi iliyonishangaza: mezani. Milo mitatu na vitafunwa kwa saa zinazojulikana, maana anayeshinda njaa mchana ndiye anayevamia hotipoti usiku. Mtu mzima akae naye anapokula, na asimwache kwa saa moja baadaye. Hiyo saa moja ndiyo ngumu. Sisi tulichambua mchele, tukaangalia tamthilia, lakini kilichofaa kuliko vyote ni kumsuka: kichwa kiko mapajani mwangu, nusu imesukwa, hawezi kuinuka. Maneno mengi tuliyoyatafuta yalitoka hapo, nikiwa sioni uso wake.

Mezani usibishane. "Shangazi, nimeshiba." "Najua, mama. Malizia hicho, tuko wote." Basi. Mawaidha na vitisho viache. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, katika utafiti kilipunguzia chakula wanaume 36 wazima wa afya waliojitolea, kwa karibu miezi sita. Wakawa wakali, wakajitenga, wakawaza chakula usiku na mchana, wengine wakasoma vitabu vya mapishi kama magazeti. Sehemu ya kile tunachokiita ukaidi ni njaa inayosema. Ila kama mtoto amekaa siku nyingi karibu bila kula, usimjazie sahani ghafla. Kurudishiwa chakula kunahitaji usimamizi wa daktari, madini kwenye damu yanaweza kushuka vibaya.

Ramadhani ilikuwa mtihani. Daktari alimkataza kufunga, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Sura ya Baqara. Alilia, watu watasemaje? Nikampakulia chumbani kwangu saa saba mchana, nikakaa naye nimefunga mpaka akamaliza. Aliyeuliza alijibiwa kwamba ana dawa za kunywa, na si uongo.

Akizimia, akitapika damu, moyo ukimwenda mbio bila sababu au akisema hataki kuishi, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Shule usiifiche. Mwalimu wa malezi alikubali binti ale naye chakula cha mchana, kisha amsaidie kupanga madaftari ofisini hadi kengele ilie. Wenzake wakajua amepewa kazi tu. Sasa hotipoti inaamka na kiporo chake siku nyingi, si zote. Mitihani ndiyo inayomrudisha nyuma, kwa hiyo ratiba ikitoka tu, mimi natoa kitana na mkeka.