Muulize Bi. Slaidi: Usiuze shamba bado

Barua za mwezi huu zimekuja mafungu mawili, za homa na za angani. Za homa nazijibu kwa mazoea, maana miaka 31 nimeinama juu ya hadubini nikihesabu vimelea vya malaria kwenye slaidi, vile vioo vya kupakia damu, ndiko nilikolipatia jina hili. Za angani nimezijibu kwa sababu ya kisa changu mwenyewe, mtakikuta mwishoni.

Habari Bi. Slaidi. Mwanangu amechanjwa chanjo ya malaria mara tatu. Wiki jana amepimwa, ana malaria. Jirani anasema chanjo yenyewe ni maji ya chumvi tu. Nimpeleke kwa ile ya nne au niache? – *Mama wa mtoto mmoja, Kakamega*

Mpeleke, mama. Na jirani msalimie.

Mbu akimuuma mtoto anamwachia vimelea vichache tu, pamoja na mate. Ndani ya nusu saa hivi vimeshafika kwenye ini. Humo vinajificha kama wiki moja vikizaana kwa maelfu, kisha vinapasua seli na kumwagika kwenye damu. Hapo ndipo homa inapoanza, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nikikutana navyo kwenye slaidi, vimepakwa rangi ya Giemsa, vidogo kama vipete vya zambarau. Sasa chanjo inaufundisha mwili sura ya kimelea kabla hakijaingia kwenye ini. Chukua mfano wa askari wa bandarini aliyepewa picha ya mwizi akiwa amevaa kanzu. Wengi atawakamata getini. Lakini mmoja akipenya, akifika mjini anavua kanzu, anavaa suruali na shati, na askari wetu bado ameshika picha ya kanzu.

Ndiyo maana aliyechanjwa huugua, ila huugua mara chache, na wachache zaidi hufikia kulazwa. Utoaji wa majaribio ulianza mwaka 2019 Malawi, Ghana na kwenu Kenya. Homa Bay walizindua Septemba 13. Walipokuja kupiga hesabu, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, kwa sababu zote zikijumlishwa, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13. Aliyewahi kukaa wodi ya watoto msimu wa mvua anajua asilimia 13 ni vitanda vingapi. Kinga hii hufifia kadiri miezi inavyopita, na dozi ya nne ndiyo inayoinyanyua tena. Fuata tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kliniki, na chandarua usikigeuze uzio wa kuku.

Halafu kuna neno linaloniudhi kidogo, hilo la “chanjo mpya”. Iliyoanzia kwenu, RTS,S, ilitengenezwa maabara mwaka 1987. Majaribio makubwa ya mwisho yalianza 2009 yakaisha 2014, yakachukua watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, Siaya, Kombewa, Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afrika Duniani… samahani, mkono umezoea kuandika Afrika; Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Wale watoto waliotoa mapaja yao kuchomwa sindano leo ni vijana wa sekondari, na wengi wao nadhani hawajui wamefanya kazi gani. Ya pili, R21, iliyobuniwa Oxford, nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo pamoja na Burkina Faso na Mali, ikapendekezwa Oktoba 2023.

Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 6, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi wenye maumivu makali. Shangazi zangu wanamlaumu mke wangu. Nimesikia Ulaya na Marekani wamepata tiba ya kukata jeni na mtu anapona kabisa. Nina shamba ekari 4 na nusu. Nauliza, niuze nimpeleke? – *Baba, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Usiuze shamba bado.

Uliyoyasikia ni kweli. Tiba inaitwa Casgevy. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Inavyofanya kazi ni hivi: mtoto akiwa tumboni huwa na damu ya namna yake, yenye himoglobini ya kichanga (himoglobini ni kile kitu chekundu kinachobeba hewa kwenye damu), na hiyo haina shida ya selimundu. Akishazaliwa, mwili unaizima taratibu, kama mtu anayezima taa za sebuleni akienda kulala, na unawasha himoglobini ya ukubwani, ambayo kwa binti yako ndiyo yenye hitilafu. Wataalamu wanachukua seli za uboho, zile mama wa damu yote, wanazipeleka maabara, wanaikata ile swichi inayozima. Wakizirudisha, mwili unaanza tena kutengeneza damu ya kichanga. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha kabla ya Marekani kuiidhinisha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila yale maumivu makali. Kifaa cha kukatia kiliwapa akina mama wawili, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Kabla seli hazijarudishwa, mgonjwa anapewa dawa kali za kuufagia uboho wa zamani, dawa zilezile za saratani, anakaa hospitali wiki kadhaa, na huenda zikamgusa hata uzazi wake wa baadaye. Tena ilipoidhinishwa ilikuwa ya wenye miaka 12 na kuendelea. Na bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Ekari zako 4 na nusu, uziunganishe na za kijiji kizima, hazitafika.

Kuna kitu ambacho gazeti lililokuletea habari hiyo halikukisema. Kuna kidonge kiitwacho haidroksiyurea ambacho kazi yake inafanana: kinauchokoza mwili uongeze ile himoglobini ya kichanga. Hakiponyi. Lakini kilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2018 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua, na vifo vimepungua. Kwenye kliniki ya selimundu muulize daktari swali moja kwa jina: “Binti yangu anafaa kuanza haidroksiyurea?” Akianza, atapimwa damu mara kwa mara, na hizo siku usizikose. Usimnunulie dukani kwa kukisia.

Jambo la mwisho, sikuulizwa ila nalisoma katikati ya mistari yako, pale uliposema mkeo analaumiwa na shangazi zako. Mtoto wa selimundu amechukua jeni moja kwa baba na moja kwa mama, nusu kwa nusu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Aliianza kazi hiyo baada ya kuona jeni hilo limejaa pwani na kuzunguka ziwa lenu, lakini kwenye nyanda za juu zisizo na mbu ni haba. Wewe na mkeo mlirithi kinga ya mababu waliookoka. Wasomee shangazi hiyo.

Kwa nini watu wanapeleka mitambo mwezini wakati zahanati yetu haina hata panadol? – *Mwenye hasira, Tanga*

Hasira yako naielewa. Nimewahi kufanya kazi kituo kimoja ambako kwa miezi miwili tulikuwa na hadubini nzuri ya msaada na hatuna rangi ya kupaka slaidi. Lakini rangi ile haikwenda mwezini, ndugu yangu. Ilikwama ofisini, kwenye karatasi moja iliyosubiri sahihi.

India walitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi Agosti 23, 2023, kwa gharama ya dola milioni 75 hivi. Nchi hiyohiyo, mjini Pune, ndiko inakojazwa kwenye vichupa ile chanjo ya R21 niliyoitaja juu. Kwao mambo haya hayakugombana. Ya panadol, mwandikie diwani wako, na nakala uniletee.

Bibi, babu yangu wa Ngomeni anasema zamani Wazungu walirusha roketi kutoka baharini pale kwetu wakaona shimo jeusi angani. Wenzangu shuleni wananicheka. Ni kweli? – *Mwanafunzi, Malindi*

Waambie wenzako wacheke polepole. Babu yako ni shahidi.

Waitaliano walisimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, San Marco na Santa Rita, miguu imezama mchangani. Walipapenda kwa sababu ni karibu na ikweta, mahali ambapo dunia yenyewe inazunguka kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekezwa mashariki inapata msukumo wa bure. Desemba 12, 1970 roketi iliondoka pale na setilaiti ya Wamarekani ya kilo 140 na ushee. Kwa kuwa Kenya siku hiyo ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa yetu inazizuia zisifike chini, kwa hiyo lazima upande juu. Kabla yake walikuwa wakirusha roketi zinazochungulia dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa huko ikahesabu vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta kwa kasi ya chini ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa upesi hivyo, kwa hiyo lazima kiwe kidogo. Na baadaye wenye darubini walipoitazama nyota inayozunguka nacho, wakaona kitu hicho kidogo ni kizito kupita kiasi. Hicho ndicho kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauchomoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2002.

Na kisa changu: siku ile nilikuwa na miaka 11, nyumbani kwetu Mambrui. Kaka zangu wote walikimbilia ufukweni. Mimi nilikuwa mkekani na malaria, nimemeza klorokwini ile chungu, ngozi inawasha mwili mzima, mama ananikuna mgongo kwa gunzi la muhindi. Ngurumo niliisikia. Roketi sikuiona.

Basi nisaidie, mwanangu. Washa simu, mrekodi babu. Muulize moshi ulikuwa wa rangi gani, roketi ilielekea upande gani, na wavuvi walikuwa wapi. Nimeuliza kaka zangu miaka yote hii na kila mmoja ana jibu lake.