Nia Ipo, Kanula Hakuna

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mfanyakazi mwenye matumaini na kujiamini hufanya kazi vizuri kuliko mwenzake, au kama hayo ni maneno ya semina tu. Jibu langu ni kwamba hufanya vizuri zaidi, ila waajiri wengi wamelishika jambo hili kinyumenyume.

Mtafiti Fred Luthans wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, na wenzake walizikusanya nguvu nne za nafsi wakaziita mtaji wa kisaikolojia: tumaini, kujiamini, ustahimilivu na kutarajia mema. Uchambuzi wa mwaka 2011, uliojumlisha sampuli 51 zenye wafanyakazi 12,567, ulionyesha kuwa wenye mtaji huo kwa wingi walielekea kufanya kazi vizuri zaidi na kutotamani kuiacha. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Luthans na mtafiti mwenzake Stajkovic walichambua tafiti 114 kuhusu kujiamini peke yake, wakapata uhusiano wa wastani wa 0.38 na utendaji (0 ikiwa hakuna uhusiano, 1 ukiwa kamili), kiwango ambacho si haba katika mambo ya binadamu. Kinachosahauliwa ni kwamba uhusiano huo ulipungua kadiri kazi ilivyozidi kuwa tata.

Mimi ni muuguzi msimamizi wa zamu katika wodi ya watoto, na hilo halikunishangaza. Muuguzi mpya ambaye hajawahi kuupata mshipa wa mtoto mchanga hajengwi na maneno "utaweza tu, mdogo wangu", hasa akiwa ameshachoma mara mbili akakosa, na mama wa mtoto amesimama pembeni akifuta machozi. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeifafanua dhana hii ya kujiamini mwaka 1977, aliutanguliza uzoefu wa mtu kufaulu kwa mikono yake mwenyewe, na maneno ya kutia moyo akayaona kuwa chanzo dhaifu kuliko huo. Ndiyo maana sisi humwanzisha mgeni kwa mtoto mkubwa ambaye mshipa wake unaonekana, akiwa na mwenzake mzoefu, kabla ya kumpeleka kwa wachanga. Akifaulu leo, kesho anaingia zamu akiwa mtu mwingine, kwa hiyo utendaji nao huzaa kujiamini, wala si upande mmoja tu unaouvuta mwingine.

Tumaini nalo, kwa maelezo ya mwanasaikolojia Charles Snyder ambayo Luthans aliyategemea, lina sehemu mbili: nia ya kulifikia lengo, na kuziona njia za kulifikia. Semina huishughulikia nia, huku njia zikiwa mikononi mwa mwajiri. Mwaka mmoja tulikalishwa ukumbini siku nzima tukifundishwa kutarajia mema, nami, nakiri, nilipiga makofi kama wengine. Tuliporudi wodini jioni, kanula za njano, ile mirija midogo ya kuingiza mshipani mwa watoto wachanga, zilikuwa bado hazijaletwa stoo.