Kadi ya Arusha, matibabu Dar

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha. Mama yangu mzazi ni mtegemezi wangu NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), anaishi Machame. Daktari wa kliniki moja mjini Moshi amesema aende Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Jirani ananiambia kadi ya Arusha haitapokelewa huko mpaka niihamishe. Nianzie wapi?
Mwalimu, Sakina

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Jirani anakutakia mema, ila hapo kateleza. Kadi ya NHIF haina mkoa. Inapokelewa popote penye mkataba na Mfuko, na Taasisi ya Moyo imo. Nadhani anafikiria ile CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya, ambayo huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kinachokusumbua si kadi, ni rufaa. Nimekaa dirisha la bima miaka kumi na moja, nimepokea wazee waliosafiri usiku kucha, kikapu cha ndizi mkononi, kadi hai kabisa, rufaa hakuna. Mtu kama huyo utamwambia nini? Na usidhani mimi nilikuwa mjanja. Kaka yangu nilimpeleka Dar na kikaratasi cha zahanati tu, tukarudishwa mapokezi. Siku nne tulilala sebuleni kwa mpwa wetu Mbagala tukingoja karatasi kutoka Moshi. Mimi, wa dirisha la bima! Wenzangu walinicheka mwaka mzima.

Kwa hiyo mama asipande basi bado. Mpeleke kwanza KCMC, Moshi, hapo ni jirani na Machame na ni hospitali ya kanda. Daktari wa moyo amwone, na akiridhika amwandikie rufaa ya kwenda Dar. Majibu ya vipimo, hasa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), ombeni nakala, msije mkarudia kila kitu. Muulizeni pia ni kipimo gani kinataka kibali cha Mfuko kabla ya kufanyika. (Akizidiwa ghafla, achana na haya yote, mkimbize hospitali iliyo karibu.)

Angalia jina lake kwenye kadi na kitambulisho cha NIDA: herufi moja ikipishana, rekebisha ofisi ya NHIF hapo hapo Arusha kabla ya safari.

Nauli na malazi ni yenu, bima haigusi. Kama mna ndugu Dar, mpigie leo.