Nilizinyamazisha tapeti, nikaishia kununua valvu

Juzi kijana mmoja wa Morogoro kanitumia ujumbe: "Kaka, pikipiki inalia tak-tak-tak juu ya injini. Nikaze tapeti hadi inyamaze?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Swali hilo nilishawahi kujiuliza, na nilijijibu ndiyo. Tapeti ni zile skrubu zinazopanga nafasi kati ya valvu (milango ya injini ya kuingiza mafuta na kutoa moshi) na roka, vyuma vinavyozisukuma zifunguke.

Nilikuwa na pikipiki ya Kichina, injini ya pushirodi (fimbo zinazosukuma roka), ile iliyonakiliwa kutoka Honda CG125. Asubuhi ililia kama cherehani. Majirani hawakulalamika, ni mimi niliyeona aibu kupita nayo kijiweni. Jumapili moja nikafungua vifuniko, nikakaza skrubu mpaka roka hazitikisiki. Nikapiga kiki. Kimya! Nikamwita mke wangu aje asikilize.

Raha ile ilidumu wiki tatu. Kisha ikaanza kugoma kuwaka ikishapata moto, na kiki ikawa laini kama nakanyaga hewa. Fundi alipofungua hedi, valvu ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingo na kumeguka. Akainyanyua mbele ya vijana wote: "Hii kazi ya msomi." Hadi leo njia ile sipiti.

Tapeti inayolia inakuomba muda. Iliyobana haisemi kitu: valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, moto unapenya pembeni, na wewe unajisifu kwamba injini imetulia.

Jumamosi iliyopita nimeseti tapeti za pikipiki ninayoendesha sasa, injini ya aina ile ile, barazani kwangu, bila fundi. Ilikuwa imelala usiku kucha, imepoa kabisa. Nikatoa plagi, nikazungusha krenki polepole hadi alama ya T ya magneti, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, ikakaa kwenye mkato wake. Msiichanganye na F, hiyo ni ya moto wa plagi. Na T yenyewe ina hila, maana inapita mara mbili kabla injini haijamaliza kazi yake moja. Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza, endelea. Zikibana zote, uko kwenye T isiyo yako: zungusha raundi nzima tena. Ukiseti hapo, itapiga kelele kuliko mwanzo.

Nafasi ni milimita 0.08, valvu ya kuingiza na ya kutoa. Fila, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza, kama unavuta noti ndani ya kitabu kilichofungwa. Kisha ukikaza nati, skrubu inazunguka nayo kidogo na kipimo kinaharibika. Mimi nilirudia mara nne upande wa ekzosi, jasho linanitoka. Pimeni tena baada ya kukaza, jamani. Pimeni tena.

Kuna wanaoseti kwa wembe. Wembe ni kama milimita 0.1, kwa hiyo kwenye injini hii ukipita, nafasi imeshazidi. Wanaoseti kwa sikio ndio wabaya zaidi. Vijana tunapenda kuambiwa "mashine imetulia", tunatafuta sifa kwa chuma kisichotujua. Nunueni fila, acheni uvivu, na kipimo cha injini yenu kisomeni kwenye kitabu chake, kwa sababu 0.08 yangu huenda isiwe yako.

Ya kwangu bado inalia kidogo asubuhi, hadi ipate moto. Jana mke wangu kauliza kama imeharibika tena.